Siku ya Tisini na Tisa Bila Wizi

Sikuwa na viatu. Sikuwa na redio. Sikuwa na suruali yangu ya kijivu, wala mkanda wake, wala koti nililoshonewa kwa ajili ya sherehe. Sikuwa na pasi, sikuwa na birika, sikuwa na ile saa ya ukutani niliyopewa kiwandani siku ya kustaafu, iliyoandikwa chini yake kwa herufi za dhahabu: Kwa Utumishi Bila Ajali. Miwani tu waliniachia, kwa kuwa nilikuwa nimelala nayo usoni. Nadhani walitaka nione vizuri walichochukua.

Na zaidi ya vyote, ndugu msomaji, sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mtaani kwetu mtu akiibiwa humwendea katibu wa kamati ya usalama. Katibu wa kamati ya usalama ni mimi.

Wale ambao gazeti la wiki zilizopita lilifungiwa misumari dukani kabla hawajalisoma, nitawakumbusha kwa ufupi. Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha chupa, na kumi na minne ya mwisho nilikuwa karani wa usalama. Elimu ya sekondari niliipata madarasa ya jioni, baada ya zamu, nikiwa tayari babu wa wajukuu wawili, na mtihani nilifaulu kwa daraja ambalo sitalitaja leo kwa sababu nililitaja wiki iliyopita.

Getini pale kiwandani palikuwa na ubao: SIKU BILA AJALI. Kila asubuhi nilipanda ngazi nikaongeza moja. Akiumia mtu, tunarudi sifuri. Nilipostaafu nikakuta mtaa wetu umeelemewa na wezi, nikasema dawa yao ninayo. Nikapasua mbao, nikapaka rangi nyeusi, nikautundika ubao wangu kwenye nguzo ya kona, pale barabara inapoingia mtaani: SIKU BILA WIZI.

Wiki ya kwanza tulirudi sifuri mara nne.

Ndipo kamati ilipokaa, na ndipo lilipofanyika lile kosa ambalo wiki iliyopita niliahidi kuliungama, kisha nafasi ikaniishia.

Ajenda za vikao mnazijua. Kufungua kikao, kusoma kumbukumbu, taarifa, na mwisho kabisa, watu wakishaanza kutafuta viatu vyao kwa miguu chini ya meza, Mengineyo. Sasa mwenyekiti wetu akauliza swali. Mtu akiacha dirisha wazi, kitu kikachukuliwa, huo ni wizi au ni uzembe? Tukakubaliana ni uzembe. Na kuku akitoweka? Kuku ana miguu. Na nguo zikikosekana kwenye kamba? Kuna upepo. Na baiskeli iliyoegeshwa nje? Hapo kikao kikakwama, mpaka mimi nikasema: azima isiyo na taarifa.

Wajumbe walinitazama kwa heshima. Maneno hayo niliyabuni mimi, na kwa miezi mitatu niliyaonea fahari.

Tukapitisha kwamba mambo ya namna hiyo yasiandikwe kwenye ukurasa wa Matukio. Yaandikwe kwenye Mengineyo. Na hesabu ya ubao itoke kwenye Matukio peke yake.

Tangu siku hiyo wezi wakaisha. Mwezi wa kwanza uhalifu ulishuka kwa asilimia tisini, wa pili kwa asilimia mia. Kila mwisho wa mwezi nilimwandikia mkuu wa kituo cha polisi barua yenye takwimu, na grafu niliichora kwa penseli za rangi. Naye akajibu kwamba siku ya mia atakuja mwenyewe, saa kumi alasiri, kutukabidhi bamba la Mtaa Salama. Mwenyekiti, ambaye ana nyumba tisa za kupangisha pale pale mtaani, alipandisha kodi siku hiyo hiyo akisema amani nayo ina matunzo yake.

Siku ya tisini nilihutubia watu chini ya ubao. Nilisema mtaa wenye takwimu kama zetu hauhitaji makomeo, na ili kuonyesha mfano nikaling'oa komeo la mlango wangu kwa bisibisi, mbele yao. Wakapiga makofi. Sasa nafahamu kwamba katika umati ule alikuwamo mtu mmoja aliyepiga makofi kutoka moyoni.

Basi hapo ndipo tulipofika. Alfajiri ya siku ya tisini na tisa, mlango umeegeshwa kwa adabu, nyumba nyeupe.

Mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, anautazama ukuta pale palipokuwa na saa. Palibaki duara safi.

"Saa ngapi?" nikamuuliza, kwa mazoea.

"Muulize aliyeondoka nayo."

"Tusipige kelele."

"Nani anapiga kelele? Mimi nimekaa."

"Nasema majirani wasijue. Leo ni tisini na tisa, mama watoto. Imebaki moja."

"Kwa hiyo utapanda ngazi ukaandike ngapi?"

Nikakohoa kidogo. "Mlango haukuwa na komeo. Kwa taratibu za kamati, huu ni uzembe."

"Uzembe wa nani?"

Nikaanza kufuta miwani.

"Nakuuliza, mzee, kwa sababu mimi ni mkazi. Nataka kujua nitaandikwaje."

Nikamwambia ataandikwa vizuri. Akacheka kwa pua, kisha akaniuliza kama naikumbuka simu yake.

"Ile iliyodondokea kwenye ndoo."

"Haikudondokea kwenye ndoo. Ilichukuliwa dirishani siku ya ishirini na tatu, na sufuria mbili juu yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliingia umefurahi. Una vumbi la chaki hadi masikioni. Ukasema, mama watoto, tumevuka ishirini. Siku hiyo ulikula ukaongeza, na tangu ustaafu sikuwahi kukuona unaongeza chakula. Nikasema moyoni, simu na ipotee."

Nilikaa. Ubao wangu ulikuwa wa uongo tangu siku ya ishirini na tatu, na uongo wenyewe ulianzia chumbani kwangu, kwa huruma.

"Nani mwingine anajua?"

"Nani hajui? Unadhani mashine ya kinyozi iko wapi? Wiki ya tatu sasa ananyoa kwa wembe, anawaambia wateja mtindo wa zamani umerudi. Na wewe ulimsifu."

"Nilimsifu," nikakiri.

"Basi nenda ukaandike sifuri, tulale na komeo letu."

"Kesho kuna mgeni rasmi."

"Haya. Vaa viatu uende."

Hapo wote wawili tukatazama mlangoni, mahali viatu vinapokaa.

Nilitoka na kandambili zake, za rangi ya waridi, zenye ua katikati. Na juu nilivaa ovaroli yangu ya zamani ya kiwandani. Mwizi aliishika, akaikunjua, akaiacha sakafuni. Hilo nalo liliniuma.

Mwenyekiti nilimkuta kwenye kona, ameegesha gari chini ya ubao, kifuani amekumbatia boksi. Ni mtu mwenye sauti laini. Sijapata kumsikia akifoka, na watu wote waliohamishwa kwenye nyumba zake walihamishwa kwa sauti hiyo hiyo.

"Habari za asubuhi, mzee wangu. Umeamka na ovaroli."

"Kuna kazi nyingi za maandalizi."

"Na kandambili za shemeji."

"Miguu imevimba."

"Yote miwili?"

Akainama kuitazama. Miguu yangu ni myembamba kama ya korongo, na asubuhi ile ilikuwa myembamba kuliko siku zote. Akainuka taratibu, akatazama huku na huku.

"Mlango?" akauliza kwa kunong'ona.

"Haukuwa na komeo."

Uso wake ukafunguka. Akanishika bega. "Ah, basi si wizi. Pole sana kwa uzembe, mzee wangu. Liweke kwenye Mengineyo."

Nikapanda ngazi. Nikafuta nane, nikaandika tisa. Mkono haukutetemeka. Silisemi hilo kwa kujisifu.

Niliposhuka akanikabidhi lile boksi. Ndani mlikuwa na vyeti sitini, kimoja kwa kila nyumba, vimeandikwa Cheti cha Amani, na juu yake mhuri wa kamati umefungwa kwenye kitambaa.

"Mhuri huu hautoki mkononi mwangu, unajua. Nakuamini. Gonga vyeti vyote, kesho saa tatu asubuhi naupitia."

"Nitagonga."

"Wewe ndiye uliyetufikisha hapa, katibu," akasema. Maneno hayo yalinifurahisha hadi nilipofika nyumbani nikakosa pa kuweka boksi, kwa kuwa na meza ndogo nayo ilikuwa imekwenda.

Mchana, nikiwa nimepanga vyeti juu ya kitanda, nikasikia hodi. Alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mjane mwenye watoto wawili, mtu mpole ambaye huongea huku anatazama mikono yako kana kwamba anaipima mikono ya shati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa kitandani. Viti tumevipeleka... kaa tu kitandani."

Akakaa. Akaliona lile duara ukutani. Akaziona kandambili miguuni mwangu. Hakusema kitu, na huo ndio ulioitwa uungwana zamani.

"Baba, cherehani yangu nimeiona."

"Wapi?"

"Kituoni. Wamebandika tangazo la mnada wa vitu vilivyopatikana, nikaenda kuchungulia uani. Ni yenyewe. Pembeni ina alama ya pasi niliyoisahau mwaka ule marehemu alipougua."

"Basi hongera. Kaichukue."

"Nilimwambia askari wa zamu. Akafungua faili la mtaa wetu. Akaniuliza, mama, iliibwa lini? Nikamtajia. Akanisomea barua. Mwezi huo, mtaa huo, wizi sifuri. Saini ya katibu, mhuri wa kamati, na pale chini kuna mchoro, mstari wa kijani unateremka."

"Grafu," nikasema.

"Hiyo hiyo. Akanisogezea niione. Akaniuliza, wewe na huu mstari, nimwamini nani? Akasema siku hizi kuna watu wanazunguka vituoni wakijidai wameibiwa. Akaniuliza kama najua adhabu ya mtu anayedai mali isiyo yake."

Nilianza kupanga upya vyeti ambavyo vilikuwa vimepangika.

"Mnada ni kesho saa nne asubuhi," akasema. "Naomba barua, baba. Mstari mmoja tu. Kwamba ni kweli niliibiwa, siku ya sitini na moja, na kwamba nilikuja kwako."

Alikuja kwangu, ndiyo. Siku ya sitini na moja, kabla sijanawa uso. Nguo za wateja zimekatwa na hazijashonwa, cherehani hakuna, machozi yanamtoka. Nikamletea maji ya kunywa. Nikamweleza kuhusu takwimu. Nikamwambia, mwanangu, machozi yako ni ya mtu mmoja, lakini ule ubao ni wa watu wote. Sentensi hiyo ilinijia pale pale, na jioni yake niliinakili kwenye daftari langu la misemo.

Kwenye daftari la kamati niliandika: Mengineyo. Cherehani moja imehama.

"Ngoja sherehe ipite," nikamwambia. "Jumatatu nitakwenda mwenyewe kituoni, nitaongea na..."

"Jumatatu itakuwa kwa mtu mwingine, baba. Mtu atakuwa anashonea."

"Unajua kesho nani anakuja?"

"Najua. Nimeshona vitambaa vya meza yake. Kwa mkono."

Akanyanyua vidole. Viwili vilikuwa vimefungwa vipande vya kanga.

"Nimekunyamazia siku thelathini na nane," akasema, na sauti haikupanda hata kidogo. "Wateja wakiuliza nasema cherehani iko kwa fundi. Wanangu wakiuliza nasema iko kwa fundi. Juzi mdogo akaniambia, mama, si fundi ni wewe? Leo nakuomba mstari mmoja."

"Nitafikiri, mwanangu."

"Fikiri, baba. Ila usifikiri mpaka saa nne."

Alipofika mlangoni akageuka. "Na pole kwa saa."

Mke wangu alikuwa uani akifua, na dirisha lilikuwa wazi. Hakuingia kunisema. Alisuuza shuka moja muda mrefu kuliko shuka yoyote inavyostahili.

Nikakaa kugonga mhuri. Cheti cha Amani, paa. Cheti cha Amani, paa. Nilifika cha kumi na moja nikasimama, na sasa lazima niwaambie jambo ambalo katika wiki zote hizi sijaliandika, ingawa mara mbili nilishika kalamu.

Kiwandani, mwaka mmoja, tulifika siku mia moja themanini na saba bila ajali. Tuliahidiwa kwamba zikifika mia mbili kila mfanyakazi atapewa blanketi. Asubuhi hiyo fundi mmoja wa tanuri alipita mbele yangu, mkono wa kulia ameutumbukiza mfukoni, na mfuko umelowa. Chupa ilikuwa imempasukia kiganjani. Akaniona. Nami nilimwona, kwa maana kazi ya karani wa usalama ni kuona.

"Mkwaruzo tu, karani," akaniambia.

"Pole," nikamwambia.

Nikapanda ngazi, nikaandika mia moja themanini na nane.

Siku ya mia mbili tulipewa mablanketi. Yeye alilipokea lake kwa mkono wa kushoto. Wiki iliyofuata walimkata vidole vitatu, na kwenye fomu ikaandikwa kwamba aliumia nyumbani. Mwandiko wa fomu ile ni wangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu karani anayemsaidia mgonjwa kuficha. Na ile saa niliyoilalamikia mwanzoni, yenye herufi za dhahabu, nilipewa kwa sababu ya siku zile mia mbili. Kusema kweli mwizi alinipunguzia mzigo.

Nikafunga mhuri kwenye kitambaa chake. Usiku huo nilimwomba mke wangu anisaidie kusukuma kabati nyuma ya mlango.

Asubuhi ya siku ya mia sikwenda kwenye ubao.

Nilikaa sakafuni, boksi la vyeti ndiyo meza, nikaandika. Nilianza na utangulizi juu ya usalama wa miji na nafasi ya raia aliyeelimika. Ulikuwa umefika ukurasa wa pili, na unakwenda vizuri, nikasikia pumzi ya mke wangu begani.

"Huu utangulizi utafika kwenye cherehani saa ngapi?"

"Barua rasmi ina taratibu zake."

"Mnada nao."

Nikauchana. Niliyoandika badala yake ni barua hii, na neno kwa neno ndivyo ilivyotoka:

"Kwa Mkuu wa Kituo. Yah: Masahihisho ya Takwimu. Rejea barua zangu tatu zilizopita. Cherehani yenye alama ya pasi pembeni, iliyoko uani kwako, ni mali ya fundi wa mtaa wetu. Iliibwa siku ya sitini na moja ya ubao. Alikuja kuripoti asubuhi ile ile na mimi nilimnyamazisha. Akisema ni yake, anasema kweli. Mwongo ni mimi. Katika siku tisini na tisa nilizokuandikia sifuri, mtaa huu umeibiwa mara arobaini na saba. Mara mbili kati ya hizo ni nyumbani kwa katibu. Naambatanisha kurasa za Mengineyo."

"Weka na sufuria zangu," akasema mke wangu.

Nikaweka na sufuria.

Nikazichomoa kurasa zote za Mengineyo kwenye daftari la kamati. Kilichobaki kilikuwa jalada na ukurasa mmoja mweupe wa Matukio. Nikakunja, nikatia ndani ya bahasha, ikavimba kama shavu lenye jipu. Nikaipaka gundi. Kisha nikagonga mhuri wa kamati juu ya mdomo wake, nusu huku nusu kule, kama tulivyofanya kiwandani, ili ikifunguliwa njiani ijulikane.

Saa tatu kasoro dakika tano fundi cherehani akabisha hodi, amevaa gauni lake zuri, kifuani amebana mkoba. Alikuwa amekwishapatana na mtu wa pikipiki wa pale kona ampeleke kituoni. Nikanyoosha mkono kumpa bahasha.

Honi ikalia mlangoni.

Mwenyekiti aliingia na suti, manukato yakamtangulia. Alisema hodi akiwa tayari ndani.

"Mzee wangu, mbona hujapanda ngazi? Watu wamejaa kwenye kona. Kinyozi ameshika ngazi, wanataka kuona mia ikiandikwa." Akafunua boksi. "Kumi na moja? Na vingine?"

"Mkono uliniuma."

"Miguu jana, mkono leo. Ukipokea bamba hili pumzika kabisa." Akachukua mhuri, akautia mfukoni, akapigapiga juu ya mfuko. Kisha akaiona bahasha. "Hii ya nani?"

Mimi, ndugu zangu, katika maisha yangu nimeandika uongo mwingi, lakini kuusema kwa mdomo sijui. "Ya mkuu wa kituo," nikasema.

"Umemkumbusha kuhusu leo?"

"Nimemkumbusha mambo mengi."

"Mpaka na mhuri umegonga. Huyu ndiye katibu." Na bahasha ikawa mkononi mwake. "Mimi nakwenda huko sasa hivi kuhakikisha hatuchelewi. Nitamkabidhi mwenyewe."

Ningeweza kusema hapana. Lakini mtu ambaye kwa siku tisini na tisa hajamwambia mwenyekiti hapana hata mara moja, hajui neno lenyewe linakaa upande gani wa mdomo.

Fundi cherehani alikuwa bado amesimama mlangoni. Alinitazama mimi, akaitazama bahasha, akamtazama mwenyekiti.

"Mwenyekiti, nami nakwenda kituoni. Naomba unisogeze."

"Una nini kituoni, mama?"

"Kuna kitu changu kilihama. Nakwenda kukirudisha."

Mwenyekiti akacheka kidogo, kama mtu asiyetaka kuuliza zaidi siku ya furaha. "Panda, panda. Leo ni siku ya amani."

"Hiyo barua nikushikie."

"Itakaa hapa mbele."

Akaiweka juu ya dashibodi, kwenye jua, akawasha gari. Fundi akakaa nyuma yake, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Bahasha ikaondoka.

Mke wangu alitoka uani, mikono ina povu.

"Umempa yeye?"

"Ameichukua."

"Yule anayesoma barua za kamati zote kabla hazijafika?"

"Huita kuzipitia."

"Mzee, mwaliko huwa na kurasa ngapi?"

"Mmoja."

"Na ile ilikuwa nene kiasi gani?"

Mimi nilikuwa nalitazama gari. Lilikuwa limefika kwenye kona. Watu walikuwa wametanda barabarani chini ya ubao, ambao bado ulisoma tisini na tisa, na juu ya vichwa vyao niliiona ngazi imesimamishwa, na kinyozi akinipungia mkono niharakishe.

Taa nyekundu za nyuma zikawaka. Gari likasimama.

Mkono ukatoka dirishani umeshika bahasha yangu. Kwa umbali ule, na kwa miwani hii, sikuweza kujua ni wa mwenyekiti, dirisha la mbele, au wa fundi, dirisha la nyuma, akimtafuta yule mtu wa pikipiki.

Sikuwa na viatu. Nikazivua na zile kandambili, nikaanza kukimbia.